Kivuli juu ya ini: MRI ya tesla 3 kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mteknolojia wa mionzi hapa Mwanza. Tumehama kutoka mashine ya MRI ya tesla 1.5 kwenda ya tesla 3, na tulitarajia picha za ini ziwe bora maradufu. Badala yake, wagonjwa wenye maji tumboni wanatoka na doa jeusi pana upande wa kushoto wa ini. Picha za awamu ya ateri, zile za mara tu baada ya kuchoma dawa, zinatikisika. Na kipimo cha mafuta kwenye ini, ambacho nilikinakili vilevile kutoka mashine ya zamani, hakionyeshi mafuta hata kwa mgonjwa ambaye altrasaundi imeyaonyesha waziwazi. Je, mashine ni mbovu, au kosa ni letu?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa maelezo uliyoyatoa sioni dalili ya mashine mbovu. Malalamiko yako matatu yana vyanzo vitatu tofauti, na kimoja kati yake, hicho cha kipimo cha mafuta, kinarekebishwa kwa kubadilisha namba mbili tu kwenye skrini. Doa jeusi ndilo lenye uzito zaidi, tena lina uhusiano wa karibu na maradhi ya watu wanaoishi kando ya ziwa hili, kwa hiyo nitalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine.

Tuanze na hilo mlilolitarajia. Ni kweli kwamba ishara inayotoka mwilini huongezeka kadiri sumaku inavyoongezewa nguvu, ambayo hupimwa kwa tesla, na kwa hesabu ya darasani tesla 3 hutoa uwiano wa ishara na kelele unaokaribia mara mbili ya ule wa tesla 1.5. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba mambo mengine yote yamebaki palepale, na katika ini hayabaki. Muda wa T1 wa ini hurefuka, kutoka takriban milisekunde 590 hadi karibu 800, hivyo tishu huchelewa kurudi katika hali yake kati ya mpigo mmoja wa redio na unaofuata; T2, yaani muda wa ishara kufifia, nayo hufupika; mipaka ya hewa na tishu huvuruga uga wa sumaku mara mbili zaidi; na nishati ya redio inayoingia mwilini kwa mpigo uleule huwa takriban mara nne. Faida inayosifiwa kwenye brosha huliwa na mambo haya kabla haijafika kwenye picha, isipokuwa anayeendesha mashine awe ameamua mapema anataka kuitumia wapi. Kwa upande wangu, katika ini ningeitumia yote kununua muda, yaani kufupisha kushika pumzi, kuliko kukimbilia vipande vyembamba na picha zenye doti nyingi ambazo mgonjwa anayehema hawezi kuzistahimili.

Sasa doa jeusi. Protoni za hidrojeni huitikia masafa ya megahezi 42.58 kwa kila tesla moja. Kwa hiyo mashine yenu ya zamani ilituma mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64, na hii mpya hutuma ya karibu megahezi 128. Hewani, wimbi la megahezi 128 lina urefu wa mita 2.3 hivi. Likiingia mwilini hufupishwa sana na maji yaliyomo kwenye tishu, likabaki na urefu wa sentimita 26 hadi 30, ambao unakaribiana na upana wa kiwiliwili cha mtu mzima, ilhali kwenye tesla 1.5 ulikuwa unazidi sentimita 50 na mwili mzima ulikaa ndani ya sehemu moja ya wimbi. Wimbi linapolingana na mwili hivyo, mawimbi yanayoingia kutoka pande mbalimbali hukutana ndani ya tumbo, mahali pengine yakajumlishana na mahali pengine yakafutana, jinsi mawimbi ya ziwa yanavyopambana na yale yanayorudi kutoka ukuta wa gati, maji yakatulia sehemu moja na kuruka sehemu nyingine. Pale yanapofutana, pembe ya mpinduo mliyoiagiza, yaani kiasi ambacho mpigo wa redio hulaza protoni, haifikiwi. Mmeagiza nyuzi 90, tishu imepata pungufu sana ya hizo, na ishara inayorudi ni hafifu.

Kwa mtu mwembamba asiye na maji tumboni, kivuli hicho huwa chepesi na daktari bingwa wa radiolojia akishakizoea hukisamehe. Maji ya tumboni ndiyo huharibu mambo. Maji hayo yana chumvi, umeme hupita ndani yake kwa urahisi, na wimbi la redio likiyapita huzusha mikondo midogo inayolikinza wimbi lenyewe lisipenye zaidi. Tumbo lililojaa pia ni tumbo pana, kwa hiyo wimbi lina safari ndefu zaidi ya kupotezana njia. Ndiyo maana umeona tatizo kwa wagonjwa hao na si kwa wote.

Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na hospitali nyingi zilizoandikiwa miongozo ya kiwandani. Kichocho cha tumbo, kile cha Schistosoma mansoni, kinawaandama wavuvi, wachota maji na watoto wanaoogelea kuanzia Ukerewe na Kome hadi fukwe za Ilemela. Mayai ya mnyoo huyo husafirishwa na damu kutoka utumboni hadi kwenye matawi madogo ya vena ya porta ndani ya ini, yakakwama humo, na mwili ukayazungushia kovu. Miaka ikipita, kovu hilo hufuata mishipa kama ilivyo, shinikizo la damu ndani ya vena ya porta hupanda, wengu huvimba, mishipa ya koo la chakula hutanuka, na kwa baadhi ya wagonjwa maji hujaa tumboni. Umbo la ini nalo hubadilika: upande wa kulia husinyaa na ule wa kushoto hukua. Kwa maneno mengine, pande la ini ambalo daktari wa hapa anataka kulitazama kwa makini ndilo hasa linalokaa chini ya kivuli cha tesla 3. Mkilikubali giza hilo kama kawaida ya mashine, mtapoteza habari muhimu kuliko hospitali isiyo na kichocho.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha kwamba kweli ni kivuli cha wimbi, maana upande wa kushoto wa ini hupoteza ishara kwa sababu nyingine pia. Weka pembeni kwa pembeni picha ya T2 ya spini mwangwi ya haraka na picha ya T1 ya mwangwi wa gradienti (mwangwi ni ishara inayorudi kutoka mwilini). Katika spini mwangwi kosa la pembe huingia zaidi ya mara moja, kwenye mpigo wa kuanzisha na tena kwenye mipigo ya kurejesha, hivyo upungufu mdogo wa wimbi hugeuka kuwa upungufu mkubwa wa ishara. Katika mwangwi wa gradienti wenye pembe ndogo ya nyuzi 9 hadi 12, kosa huingia mara moja tu na ini huonekana karibu sawasawa. Doa lililo jeusi sana kwenye T2, lenye kingo zinazofifia polepole, lisilofuata mpaka wa mshipa wowote, linalovuka kutoka kwenye ini hadi kwenye misuli na mafuta yaliyo jirani, na ambalo kwenye T1 karibu halipo, hilo ni kivuli. Ugonjwa hauvuki kutoka ini hadi ukuta wa tumbo kwa ulaini wa namna hiyo.

Kisha tazama difyusheni, yaani picha zinazopima mwendo wa maji ndani ya tishu; namba ya b huonyesha ukali wa kipimo hicho. Kama giza lipo tangu picha ya b 50, lawama ni ya wimbi. Kama picha ya b 50 ina mwanga mzuri upande wa kushoto na giza linaongezeka kadiri mnavyopanda hadi b 800, anayewasumbua ni moyo, ambao hulitikisa pande hilo kwa kila pigo na kulifanya lionekane kana kwamba maji yake yanatembea kwa kasi. Ramani ya ADC, inayokokotoa kasi ya mwendo huo wa maji, husaidia kutenganisha hayo mawili, kwa sababu ni uwiano wa picha zilizopigwa chini ya kivuli kilekile: kivuli cha wimbi hujifuta chenyewe kwenye uwiano huo, mradi ishara haijazama kabisa kwenye kelele, lakini mtikisiko wa moyo huipandisha ADC isivyo halali. Nimeona ripoti zikiandikwa vibaya kwa kuchanganya sababu hizi mbili, na marekebisho yake hayafanani hata kidogo.

Jambo jingine linalochanganya watu ni kitufe cha kusawazisha mwanga wa picha. Kitufe hicho hurekebisha tofauti za upokeaji, yaani ule weupe wa ngozi na mafuta yaliyo karibu na koili (antena ya kupokea ishara). Hakigusi upungufu wa utumaji. Kikipandishwa juu ya kivuli cha wimbi hukuza kelele tu, na picha ikaonekana imesawazika huku taarifa zikiwa hazipo.

Marekebisho yenyewe yanaanza kabla mgonjwa hajalala mezani. Mgonjwa mwenye maji mengi ambaye madaktari wa wodini wamekwisha kupanga kumtoa maji, atolewe kwanza, kisha aje kupimwa siku hiyohiyo au kesho yake. Hili linahitaji simu moja kwenda wodini, na kwa maoni yangu lina faida kubwa kuliko marekebisho yote ya kwenye kompyuta. Kama mashine ya tesla 1.5 bado inafanya kazi, mgonjwa wa maji mengi asiyeweza kutolewa apelekwe huko bila kuona haya. Watu hudhani kumrudisha mgonjwa kwenye mashine ndogo ni kumpunja, lakini kwa mgonjwa huyu mashine ndogo ndiyo bora.

Akishalala mezani, angalia kama mashine yenu ina mfumo wa kutuma kwa chaneli mbili. Mashine nyingi za tesla 3 za miaka ya karibuni zinao. Mfumo huo hurekebisha ukubwa na mpangilio wa mawimbi ya kila chaneli ili yasifutane ndani ya eneo mlilolichagua, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kwamba eneo hilo limeachwa pale lilipowekwa na fundi siku ya kufungwa kwa mashine, katikati ya tumbo lote au hata kwenye nyonga. Lisogezeni lifunike ini zima, pamoja na pande la kushoto, na lirudiwe kwa kila mgonjwa na kila mara meza inaposogezwa. Mashine isiyo na chaneli mbili inaweza kusaidiwa na pedi maalumu yenye jeli au madini ya titanati, inayowekwa kati ya ngozi ya chembe ya moyo na koili ya juu, ambayo huvuta wimbi lielekee pale lilipopungua. Nunueni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mfuko wa dripu wa maji ya chumvi siushauri kuwa mbadala, kwa kuwa unapitisha umeme kama maji yaleyale ya tumboni tunayoyalalamikia, na juu ya hayo hutoa ishara yake yenyewe inayojikunja na kuangukia kwenye picha.

Kwa kuficha mafuta katika T2 na difyusheni, chagueni mpigo wa adiabatiki, ule ambao kwenye mashine nyingi huitwa SPAIR, kwa sababu huvumilia upungufu wa wimbi kuliko mpigo wa kawaida. Na sanduku la kusawazisha uga wa sumaku, lile mnalolichora kwenye skrini, libane ini peke yake, lisiingie kwenye mapafu wala kwenye utumbo wenye gesi.

Hapo inaingia habari ya joto. Nishati inayoachwa mwilini, ambayo skrini huiandika kama SAR, hupanda kwa kipeo cha pili cha nguvu ya sumaku na kwa kipeo cha pili cha pembe ya mpinduo. Mipaka ya kimataifa kwa mwili mzima ni wati 2 kwa kilo katika hali ya kawaida na wati 4 kwa kilo katika ngazi ya kwanza ya uangalizi. Mkigonga mpaka, mashine itawapendekezea kurefusha TR (muda kati ya mpigo na mpigo), na mteknolojia mwenye foleni ndefu nje hubonyeza ndiyo. Msikubali haraka katika sekwensi (mpangilio wa mipigo unaotoa picha) ya kushika pumzi, maana mnaongeza sekunde ambazo mgonjwa hana. Shusheni kwanza pembe ya kurejesha kutoka nyuzi 180 hadi kati ya 120 na 150; kwenye T2 ya ini macho hayatagundua, lakini joto litapungua sana. Uzito wa mgonjwa upimwe kwa mizani, usikadiriwe kwa kumtazama, kwa sababu mashine hukokotoa SAR kutokana na namba mliyoiandika. Mikono isikutanishwe juu ya tumbo wala mapaja yasigusane ngozi kwa ngozi: mduara huo hupitisha mkondo na unaweza kuunguza, na kwenye tesla 3 hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Nije kwenye kipimo cha mafuta, ambacho jibu lake ni fupi. Protoni za mafuta na za maji hazizunguki kwa kasi moja. Tofauti yao ni takriban hezi 220 kwenye tesla 1.5 na takriban hezi 440 kwenye tesla 3. Kwenye mashine ya zamani mlipiga mwangwi wa kwanza kwenye milisekunde 2.3, maji na mafuta yakiwa yanapingana, na wa pili kwenye 4.6, yakiwa pamoja. Kwenye tesla 3 mzunguko huo unakamilika kwa milisekunde 2.3, hivyo 2.3 ni pamoja na 4.6 ni pamoja tena. Mmekuwa mkilinganisha picha mbili za hali moja, na ini lenye mafuta haliwezi kujionyesha kwa namna hiyo hata likiwa na mafuta kiasi gani. Wekeni mwangwi wa kwanza kwenye 1.15 na wa pili kwenye 2.3.

Kuna mashine ambazo hushindwa kuwahi 1.15 katika pumzi moja, na mwongozo wake hupendekeza 2.3 kwa pamoja na 3.45 kwa kupingana. Hilo linavutia kwa urahisi wake, lakini kwa Kanda ya Ziwa ningelikwepa. Ugonjwa wa selimundu umeenea sana katika kanda hii, na wagonjwa waliokwisha kuongezewa damu mara nyingi hubeba chuma kwenye ini. Chuma huifanya ishara ipungue kadiri mwangwi unavyochelewa, kwa hiyo mwangwi wa kupingana ukiwa ndio wa mwisho, chuma kitaonekana kama mafuta. Mwangwi wa kupingana ukitangulia, mambo hujitenga yenyewe: ishara inayopungua kwenye mwangwi wa kwanza ni mafuta, inayopungua kwenye wa pili ni chuma. Kumbuka pia kwamba kasi ya kupotea kwa ishara kwa sababu ya chuma karibu hujirudufu kutoka tesla 1.5 hadi tesla 3. Ini lenye chuma kingi huwa jeusi kabla mashine haijawahi kulipima, hata mwangwi wa kwanza ukiwa chini ya milisekunde 1, na mgonjwa huyo naye ni wa mashine ndogo.

Awamu ya ateri ni suala la pumzi kuliko la sumaku, na hapa ndipo ile faida ya tesla 3 inapostahili kutumika. Wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya B mnaotumiwa huletwa kutafutwa saratani ya ini, ambayo hujitambulisha kwa kung'aa katika awamu ya ateri na kufifia katika awamu zinazofuata. Awamu hiyo ya kwanza ikiharibika, hakuna nyingine ya kuifidia. Kama sekwensi yenu ya T1 ya pande tatu inachukua sekunde 18 au 20, tumieni upigaji sambamba (sehemu kadhaa za koili zikigawana kazi ili data chache zitoshe) wa kiwango cha 2 hadi 3 mwishushe hadi sekunde 10 au 12. Ishara itapungua kidogo. Iache ipungue, mnayo ya ziada. Kwa kuwa T1 ya ini na ya misuli imerefuka kwenye tesla 3, dawa ya gadolini inayochomwa mshipani hung'aa zaidi dhidi ya tishu zinazoizunguka, kwa hiyo uvimbe bado utaonekana.

Msihesabu sekunde za kudumu baada ya kuchoma dawa. Kwa mgonjwa mwenye wengu mkubwa, shinikizo la vena ya porta na moyo uliochoka, dawa hufika kwa wakati wake. Fuatilieni dawa ikifika kwenye aota ya tumboni, kisha mpige ili kitovu cha data, sehemu yake inayobeba mwanga wa picha, kiangukie kwenye awamu ya ateri iliyokomaa. Mtaijua kwa macho: ateri ya ini imejaa, vena ya porta imeanza kupata mwanga kidogo, vena za ini zinazoelekea kwenye moyo bado ni nyeusi. Vena za ini zikiwa tayari zina mwanga, mmechelewa. Awamu ya porta hufuata kati ya sekunde 60 na 80, na ile ya mwisho kwenye dakika 3 hadi 5.

Mazoezi ya pumzi yafanyike nje ya mtambo, mgonjwa akiwa amekwisha kulala mezani, kwa sababu pumzi ya kukaa na pumzi ya kulala chali hazifanani kwa mtu mwenye tumbo lililojaa. Mweke mto mdogo chini ya magoti na mwinue kichwa kadiri koili inavyoruhusu. Weka kiganja chako juu ya tumbo lake, umwambie, "Mama, vuta pumzi. Toa yote. Usipumue," halafu uhesabu kimoyomoyo huku ukisikiliza kwa kiganja. Tumbo likianza kupanda kwenye sekunde ya nane, umejua kwamba sekwensi ya sekunde 12 haitafaa, na ni afadhali kulijua hilo sasa kuliko dawa ikiwa tayari kwenye mshipa. Pumzi ya mwisho wa kutoa hurudi mahali palepale kwa uhakika kuliko pumzi iliyojazwa, ingawa wagonjwa hupenda kujaza. Bibi aliyetoka Kwimba au Magu ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni aelekezwe kwa Kisukuma na mtu anayekijua, na mtu huyohuyo ndiye aseme kwenye maikrofoni. Maagizo yaliyorekodiwa na kiwanda kwa sauti ya kigeni huwafanya wagonjwa washtuke, na anayeshtuka huvuta pumzi. Asiyeweza kabisa kushika pumzi apigwe kwa sekwensi ya mistari ya mzunguko, inayokubali mgonjwa apumue polepole, mkijua kwamba wakati wa awamu hautakuwa sahihi sana.

Kuhusu difyusheni, thamani za b 50, 400 na 800 zinatosha, na upigaji sambamba wa kiwango cha 2 hupunguza kupinda kwa picha ambako tesla 3 hukuzidisha. Mgonjwa afunge saa 4 hadi 6. Kama mnapiga pia njia za nyongo, glasi ya juisi ya nanasi halisi kabla ya kipimo huzima weupe wa maji ya tumbo na utumbo mwembamba unaoficha njia hizo, kwa sababu ya madini ya manganizi yaliyomo. Ni njia inayotumika kwingi duniani, na hapa nanasi si shida.

Daktari anayesoma picha naye aelezwe kwamba mashine imebadilika. Wagonjwa wenye shinikizo la vena ya porta huwa na vinundu vidogo vya chuma ndani ya wengu, mabaki ya damu iliyovuja, ambavyo huitwa vinundu vya Gamna-Gandy. Kwenye tesla 3 weusi wa vinundu hivyo huvimba kuliko ukubwa wake halisi. Mgonjwa aliyepimwa mwaka jana kwenye tesla 1.5 akirudi leo, vitaonekana vimeongezeka na kukua ilhali mwilini hakuna kilichobadilika.

Usalama mnaujua, nami nitaongeza mawili tu yanayotoka katika mazingira yenu. Hirizi iliyoshonwa ndani ya ngozi na kufungwa kiunoni inaweza kuwa na chuma, na mgonjwa hataitaja mbele ya ndugu zake. Aulizwe faraghani, na mtu wa jinsia yake, kwa heshima. Mafundi wa kuchomelea na wachimbaji wa Geita waulizwe kama waliwahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni, na wakijibu ndiyo, macho yapigwe eksirei kwanza. Kifaa cha mwilini kilichoidhinishwa kwa tesla 1.5 hakijaidhinishwa kwa tesla 3 mpaka karatasi yake iseme hivyo.

Mkibadilisha haya, badilisheni jambo moja kwa wakati, mkianza na nyakati za mwangwi kwa kuwa hizo hazina mjadala, kisha eneo la kusawazisha utumaji, kisha urefu wa pumzi. Kivuli kikiendelea hata kwa mtu mwembamba asiye na maji, hapo mwiteni mhandisi apime ramani ya utumaji, na mmwombe atumie chupa kubwa ya majaribio yenye mafuta. Chupa kubwa ya maji kwenye tesla 3 huonyesha kivuli chake yenyewe hata mashine ikiwa nzima kabisa, na mtaishia kubishana naye juu ya hitilafu isiyokuwepo.